Karo la Wakwe Wawili

Iko nchi moja inaitwa Jamhuri ya Mbelembele. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ramani yake bado iko kwa mpiga chapa, inasubiri saini ya mtu aliyekwenda semina. Ni nchi nzuri, yenye mvua za kutosha na mihuri ya kutosha, na watu wake ni wapole kiasi kwamba ukimkanyaga mmoja mguu, yeye ndiye anayekupa pole.

Katika nchi hiyo mtu anaoa bila kuulizwa, anazaa bila kuulizwa, na akipenda anakufa bila kuulizwa. Lakini kuchimba karo la choo, hapo lazima aulizwe. Karo, lile tangi la chini ya ardhi linalopokea kila kinachotoka chooni, ni mali ya mwenye nyumba kwa juu na mali ya taifa kwa chini. Ndivyo kinavyosema kifungu cha kwanza cha Sheria ya Makaro. Kifungu cha pili kinasema kila nyumba itakuwa na karo moja tu, kwa ajili ya kulinda umoja. Na kifungu cha tatu, ambacho wananchi wanakipenda kuliko vyote, kinasema raia ana uhuru kamili wa kuchagua karo alipendalo, mradi akalichagulie ofisini.

Tusekile wa kijiji cha Lugombo hakuwa na habari na sheria hizo. Alikuwa na habari na sahani.

Tusekile alikuwa mama wa mtoto mmoja, Uswege, wa miezi minane. Mumewe, Lusekelo, alikuwa dereva wa lori la mbao, na nyumbani alionekana mwisho wa mwezi kama mwezi wenyewe. Nyumba ile alibaki nayo Tusekile pamoja na baba mkwe wake, Mzee Ambakisye, ambaye aliishi naye chini ya bati moja kwa miaka mitatu na hakuwahi kumwona uso.

Ndiyo mila yao. Mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawapishani mlangoni, hawashiki kikombe kimoja. Na choo ndiyo kabisa: mzee ana chake nyuma ya migomba, mkamwana ana chake huko karibu na zizi, na hata vijia vyake havikutani. Si chuki. Ni heshima iliyozidi kipimo, kama chai iliyotiwa sukari na mtu mwenye furaha.

Mzee alikaa chumba cha mwisho chenye mlango wake wa nje. Katikati palikuwa na ukuta wa udongo. Wakiwa na neno la kuambiana, walimtuma Uswege, raia pekee wa nyumba ile aliyeruhusiwa kuvuka mpaka.

"Uswege," mzee alikuwa akisema kutoka upande wake, "mwambie mama yako moshi wa leo umezidi. Kwani tunarina asali?"

"Uswege," Tusekile alikuwa akijibu, "mwambie babu yako kuni ni mbichi, na aliyezikata ni mwanawe."

Uswege, aliyekuwa na meno mawili na hana neno hata moja, alitafuna kidole chake na ujumbe ukafika bila kosa.

Chakula nacho kilikuwa na utaratibu wake. Tusekile aliweka sahani juu ya kigoda mlangoni kwa mzee, akagonga kwa mwiko mara mbili, ngo, ngo, akaondoka. Baadaye alirudi akaikuta sahani tupu palepale. Hivyo ndivyo walivyopendana.

Mvua za kwanza ziliponyesha, mzee aliteleza kwenye kile kijia cha migomba akiwa njiani kwenda chooni, akaangukia nyonga. Majirani wakamwinua, akakandwa, akapewa fimbo ya pili. Kuanzia hapo sahani ikawa inarudi nusu. Kisha robo. Kisha ikarudi kama ilivyokwenda, ndizi zimelala juu ya maharage, zimepoa.

"Uswege, mwambie babu yako ale."

"Uswege, mwambie mama yako babu ameshiba."

"Mwambie, kashiba nini na hajagusa kitu?"

"Mwambie babu ameshiba miaka."

Siku ya nne ndipo Tusekile akaelewa, akakaa chini pale pale jikoni mwiko ukiwa mkononi. Mzee hakuwa anaumwa tumbo. Alikuwa ameogopa kijia. Asiyekula haendi chooni, na asiyekwenda chooni haanguki. Na masika, mvua zenyewe za kweli, zilikuwa bado miezi miwili.

Akampigia mumewe simu. Akamweleza habari ya choo cha ndani, cha kukalia, chenye chuma cha kushikilia, mlango kwa mlango na chumba cha mzee.

"Matofali yale ya banda si yapo?" Lusekelo alisema. "Chagua karo unaloona linafaa, mama Uswege. Mimi nakuamini." Maneno ambayo wanaume wa Mbelembele huyasema kila jambo likiwa zito.

*

Afisa Makaro wa Kata aliitwa Bwana Lwitiko. Alifunga vifungo vyote mpaka kooni, na mfukoni alikuwa na kalamu nne. Moja ilikuwa inaandika, ila hakuwa na hakika ni ipi.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Umekuja kwa shida au kwa utaratibu?"

"Nimekuja kwa karo."

"Basi kwa vyote viwili. Kaa, mama."

Akamfungulia Kitabu cha Makaro ya Taifa, kilichokuwa kimefungwa mezani kwa mnyororo wa baiskeli. Mlikuwa na picha tisa. Karo la Mshikamano. Karo la Matumaini. Karo la Kuona Mbali. Karo la Uzalendo, ambalo Bwana Lwitiko aliinuka kidogo alipolitaja. Tusekile akafunua mbele, akafunua nyuma, akamhamisha Uswege kutoka goti hili hadi lile.

"Samahani, mheshimiwa. Haya yote si karo lile lile, ila mpiga picha alikuwa analizunguka?"

Bwana Lwitiko akatabasamu kwa fahari. "Umeona mwenyewe! Ndiyo uzuri wa uhuru wa kuchagua. Huwezi kukosea."

"Ndani likoje?"

"Vyumba viwili. Cha kwanza kinapokea mzigo, uchafu unashuka chini, maji yanavuka kwenda cha pili. Kutoka cha pili yanakwenda kwenye shimo la kunyonywa na ardhi. Kisayansi kabisa."

"Ukuta wa katikati hauzibi?"

"Ukiziba, si litajaa?"

"Mimi nataka linaloziba. Choo cha mzee upande huu, changu upande huu."

"Kwa nini?"

Tusekile akatazama chini. "Kwa sababu tutakutana."

"Nani na nani?"

"Mimi na baba mkwe. Humo ndani."

Bwana Lwitiko akaweka kalamu mezani. Ni kweli alikuwa serikali, lakini alikuwa pia mtoto wa mtu, na nyumbani alikuwa na mama mkwe ambaye kila akimwona njiani alijitupa kwenye mtaro. Miaka kumi na moja alikuwa amegawa makaro, na swali hili halikuwahi kumjia. Akachukua fomu. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina, ya kijiji, ya idadi ya watumiaji, na ya maoni kuhusu huduma nzuri uliyopewa. Nafasi ya swali haikuwepo. Akachana karatasi, akaibandika pembeni kwa ugali uliobaki kwenye chakula chake cha mchana, akaandika kwa kalamu ya tatu, maana ndiyo iliyokubali:

*Je, vilivyotoka kwa wakwe, vikikutana karoni, bado ni wakwe?*

Akagonga muhuri. "Hili si la ngazi yangu," akasema kwa sauti ya mtu aliyepona. "Hili linapanda juu."

*

Likapanda. Likafika wilayani, wakashtuka, wakalipandisha. Likafika mkoani, wakaliundia jalada, wakalipandisha. Likafika wizarani, na huko juu kukiwa hakuna pa kulipandisha tena, wakaliundia Tume.

Tume ya Taifa ya Uchunguzi wa Ukwe katika Maji Taka ilifika Lugombo wiki ya sita, ikiwa na magari matatu: moja la watu, moja la viti, moja la bango. Wiki hizo zote Tusekile alikuwa anapika uji mzito wa asubuhi, kitu pekee ambacho mzee alikubali, nusu kikombe. Kupitia ukutani alisikia kikohozi chake kinavyopungua uzito.

Mwenyekiti wa Tume, Dokta Angetile, alikuwa mtu mpana mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kuvuliwa wakati wa kusema jambo kubwa. Karani wake, Bi Subilaga, alikaa mbali naye, akampa mgongo, akafungua mwavuli mkubwa mweusi akajificha nyuma yake. Jua halikuwepo wala mvua. Wanakijiji wakatazamana, wakaona bila shaka ndivyo mambo ya serikali yanavyofanywa, na wawili watatu wakaagiza miavuli yao kutoka nyumbani.

"Ndugu wananchi," Dokta alianza, akavua miwani, "taifa lisilojua kinachoendelea chini yake haliwezi kujua kinachoendelea juu yake. Wenzetu wamefika mwezini. Sisi tumefika Lugombo." Watu wakapiga makofi. "Na hatutaondoka bila jibu. Aje shahidi wa kwanza."

Shahidi wa kwanza alikuwa Mzee Ambakisye, naye alikuwa chumbani, dirisha wazi, mgongo nje. Tusekile alikuwa upande wa pili wa nyumba, amejifunika kanga hadi kwenye nyusi. Uswege aliwekwa katikati, juu ya mkeka.

"Mzee, je, utakubali kutumia karo moja na mkamwana wako?"

Sauti nyembamba ikatoka dirishani: "Uswege, mwambie huyo bwana nimezeeka, sijachanganyikiwa."

"Iandikwe!" alisema Dokta.

Nyuma ya mwavuli kalamu ikakwaruza: *Shahidi wa kwanza, Uswege Lusekelo, miezi tisa, hana kazi, amekataa.* Akaletewa wino aweke dole gumba. Uswege alilitazama dole lake jeusi, akalitia mdomoni, na ushahidi wote ukaliwa.

"Tumesikia," Dokta alisema, akavaa miwani. "Sasa Tume itakwenda nchi tisa zenye makaro kujifunza. Baada ya hapo kutakuwa na rasimu, wadau wataitwa, rasimu itarudi. Msiwe na wasiwasi. Miaka mitatu ni mingi sana, sisi tutamaliza kabla ya miwili na nusu."

Wanakijiji wakapiga makofi tena, kwa kuwa hesabu ilikuwa imepungua. Tusekile hakupiga. Aliona nusu kikombe cha uji. Aliona miaka miwili na nusu ikigonga mlango wa yule mzee kwa mwiko, ngo, ngo, na hakuna anayefungua. Akasimama na kanga yake.

"Samahani, mheshimiwa. Naomba kuuliza, nijifunze tu."

"Uliza, binti yangu. Kuuliza ni haki yako."

"Huko wizarani kwenu, jengo lina ghorofa ngapi?"

"Nane!" Dokta akanyoosha vidole.

"Na karo ngapi?"

"Moja. Sheria ni msumeno. Sisi wenyewe tunaongoza kwa mfano."

"Na humo ndani hakuna wakwe?"

Polepole sana, bila kugeuza mwili, kichwa cha Dokta kikaelekea upande ule wa mwavuli kisha kikarudi haraka kama kilichoguswa na moto. Na mwavuli wenyewe ukaanza kutetemeka, kwanza pembeni, kisha wote.

"Jamani," bibi mmoja wa mstari wa mbele akanong'ona kwa sauti iliyofika mtoni, "yule karani ni mke wa mwanawe!"

"Miaka sita," sauti ikatoka nyuma ya mwavuli, ndogo kabisa. "Yeye ghorofa ya saba, mimi ya tatu. Uswege, mwambie Mwenyekiti sikujua."

"Uswege," alisema Dokta Angetile, akijipangusa jasho kwa bango la Tume, "mwambie karani kikao kimeahirishwa."

*

Jambo la miaka miwili na nusu likachukua siku nne. Haijapata kutokea Mbelembele, na wanahistoria wa huko bado wanalizungumza kwa sauti ya chini.

Bwana Lwitiko alikuja na pikipiki na kipaza sauti, akausoma waraka mpya wa wizara mwanzo hadi mwisho mbele ya kila nyumba, hata zile zisizo na choo:

"Inatangazwa kwamba kitu chochote kilichotoka kwa raia, kikishapita kona ya kwanza ya bomba, kimepoteza ukoo, kabila, cheo na ukwe wake, na tangu hapo ni cha taifa. Waraka huu unaanza kutumika miaka sita iliyopita."

Alipofika kwa Tusekile alizima kipaza sauti. "Haya, mama Uswege. Njia imesafishwa. Sasa chagua."

Tusekile alichagua picha ya pili, Karo la Matumaini, kwa sababu pembeni ya picha hiyo ulionekana mgomba.

Fundi Gwakisa akachimba, akajenga, akapiga lipu mara mbili ili maji yasivuje, akapitisha mabomba. Vyoo viwili: kimoja mlango kwa mlango na chumba cha mzee, chenye kiti na chuma cha kushikilia kila upande, kingine upande wa zizi. Karo moja. Alipokuwa anasawazisha mfuniko, Bwana Lwitiko akaja mbio akagonga muhuri kwenye zege bichi, na mpaka leo upo. Siku mbili baadaye masika yakaanza.

Lakini mzee hakuingia.

Kulipokucha siku ya tatu sahani ya jana ilikuwa bado kigodani, imejaa, ndizi zinaogelea maji ya mvua. Kijia cha migomba kilikuwa kimegeuka mfereji. Tusekile alimbeba Uswege, akaenda akaketi chini, mgongo kwenye ukuta wa udongo.

"Uswege, mwambie babu yako choo kimekwisha. Na waraka umesomwa, ukwe unaishia kwenye kona."

"Uswege, muulize mama yako." Sauti ilikuwa kama ya mtu aliye bondeni. "Hiyo serikali inayojua ukwe unaishia wapi, siku ya posa ilikuwepo?"

"Haikuwepo."

"Mimi nilikuwepo. Nilisema huyu binti nitamheshimu. Sikusema mpaka kwenye kona."

Mvua ikapiga bati. Tusekile alikuwa amejiandaa na maneno ya Fundi na ya Afisa, yote yakamtoka kichwani, akabaki na yake.

"Uswege, mwambie babu yako, mama yako baba yake alikufa kabla hajamjua. Siku ile ya posa mama yako alihesabu akasema, basi, nimepata mmoja. Hamwoni, lakini anasikia akikohoa, inamtosha. Mwambie, kama heshima ndiyo itakayomwua, basi mama yako atakaa na heshima, na ukuta, na sahani." Uswege akamshika pua.

Upande wa pili kitanda kikalia.

"Uswege," mzee alisema mwishowe, "muulize mama yako. Fundi anasema kitu kikiingia humo kwenye karo kinafanyaje?"

Tusekile akafuta uso. "Kinashuka chini, kinalala."

"Hakitembei-tembei?"

"Maji tu ndiyo yanayovuka. Kingine kinalala."

"Kinachukua muda gani kulala?"

"Fundi anasema mchana mmoja unatosha." Fundi hakusema hivyo, lakini angeulizwa angesema.

"Hm." Fimbo ikagonga sakafu, kisha ya pili. "Basi mwambie hivi. Mimi nitaingia asubuhi. Yeye aingie jioni. Anayekuja atamkuta mwenzake ameshalala, atapita zake taratibu. Watu wenye adabu hawashindwi kupishana. Huo waraka wao wakaufungie maandazi."

Mlango ukafunguliwa. Chuma kikalalamika kikipokea uzito wa mtu. Tusekile akaziba masikio yake, akakumbuka, akaachia moja akaziba la Uswege, maana heshima ni heshima. Hata hivyo, katikati ya mvua yote ile, aliyasikia maji yakishuka, yakazunguka kona, yakaenda.

Mchana aliweka sahani kigodani, akagonga, ngo, ngo, akaondoka. Alikuwa hajamaliza kuosha sufuria aliposikia kitu ambacho miaka mitatu hakuwahi kukisikia: kijiko kikigonga sahani tupu kutoka upande ule. Ngo, ngo.

"Uswege! Mwambie mama yako, hizi ndizi nne alizonipa, alikuwa analisha mtu au anaonjesha kuku?"